Sumaku, Uzi na Mahali Palipotulia

Mafundi wetu wengi huamini kwamba chombo cha kupima kwa usahihi ni lazima kiagizwe ng'ambo kwa fedha nyingi. Hebu leo tuitazame historia ya magnetometa, yaani chombo cha kupima nguvu ya sumaku, tuone kama imani hiyo ina msingi.

Mwaka 1832, mjini Göttingen, Ujerumani, mwanahisabati Carl Friedrich Gauss aliipima nguvu ya sumaku ya dunia kwa kipande cha sumaku kilichoning'inizwa, kikiwa na kioo kidogo. Siri ilikuwa kwenye kioo. Kioo kikigeuka digrii 1, mwanga unaorudi hugeuka digrii 2. Ukutani, umbali wa meta 5, doa la mwanga huo husogea karibu sentimeta 17. Mwaka 1833 Gauss alijenga nyumba ya vipimo isiyo na chuma.

Wenzetu wa Bombay, bandari iliyofanya biashara na Unguja tangu zamani, walikuwa na sumaku za kuning'inizwa katika kituo cha Colaba. Tarehe 2 Septemba 1859 zilinasa dhoruba kubwa ya sumaku iliyotokana na jua, ambayo ilivuruga simu za waya Ulaya na Marekani. Lakini tramu za umeme zilipokaribia kuingia mjini, vipimo vilihamishiwa Alibag, ng'ambo ya bandari, mwaka 1904. Vyombo havikuwa na kasoro. Mji ndio uliojaa fujo za umeme.

Funzo liko hapo. Dar es Salaam tangu 2024 ina treni ya umeme, mbali na magari na nyaya za kila mtaa. Kijana wa Bungu, kule milimani Usambara, ana kitu ambacho maabara ya mjini haiwezi kukinunua: utulivu. Chupa ya jamu ya kuzuia upepo, uzi wa hariri, sumaku ndogo, kipande cha kioo na tochi ya leza vinamtosha kuanza. Chini ya sumaku aweke bamba la shaba nyekundu ili isiyumbe mno. Lakini achague banda la udongo na nyasi, kwani paa la bati ni chuma, na panga lililosahauliwa pembeni huharibu hesabu yote. Kisha aandike kila saa, mchana na usiku, bila kuchoka.

Usahihi, ndugu wasikilizaji, huanza na subira kabla ya fedha. Walimu wa fizikia wa vijijini wasingoje shehena kutoka bandarini.