Veluri ya mistari: namba gani kwenye duane?
Veluri ya mistari, ile ya suruali na makoti, kwa macho inafanana, lakini duane inaipanga kufuatana na uzi. Iliyofumwa kwa nyuzi za kiwandani kama poliesta, manyoya yake yakiwa yamekatwa, iko 5801.32. Ya pamba iko 5801.22. Ikiwa imechanganywa, uzi wenye uzito mkubwa ndio unaamua: poliesta 60%, pamba 40%, ni 5801.32. Veluri ya kuvutika, iliyosukwa kama triko, inahamia 6001.

Tarakimu hizo 6 ni zilezile Kongo, Uganda na China. Basi, wachuuzi, mbele ya kupakia mzigo, ombeni muuzaji aandike kwenye fakture: aina ya uzi, asilimia, na kama kimefumwa ao kimesukwa. Fakture ikisema tu «vitambaa», mzigo unaweza kukawia mpakani, na kodi ikahesabiwa vibaya.