Butea: pambo lililokuwa pesa

Leo ukitaja Walikale, mtu anafikiria kasiteriti ya Bisie. Ukitaja Masisi, anafikiria koltani ya Rubaya. Ni kama utajiri wetu wote uko chini ya udongo. Lakini mbele ya wakoloni, watu wa hii milima na pori walikuwa na mali ingine. Waliisuka kwa nyuzi za mimea, kisha wakaivaa.

Wanyanga wanaiita butea. Kando ya ziwa Kivu na Rwanda inajulikana kama butega ao ubutega. Ni pete nyembamba za nyuzi, mwanamke alizipanga nyingi miguuni. Katika karne ya 19 zilitoka kwenye misitu ya magharibi, zikavuka ziwa mpaka Rwanda, na sokoni watu walihesabia nazo bei ya vitu vingine. Hata masimulizi ya Mwindo, ambayo Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene walichapisha mwaka 1969, yanataja butea kama mali.

Mtu wa agronomi lazima ajiulize: kwa nini nyuzi? Porini mimea ilikuwa tele. Kilichokuwa haba ni mikono inayojua, na saa nyingi za kusuka. Bei ilikuwa ndani ya kazi.

Majirani wetu Walega nao wanatufundisha. Kofia za Bwami zilishonewa kauri. Vifungo vya nguo vilipofika kwa biashara, wakavishona palepale, na kifungo cha kawaida kikawa alama ya cheo. Mwaka 1948 serikali ya Wabelgiji ilipiga Bwami marufuku. Butea yenyewe haikuhitaji marufuku: kodi ilidaiwa kwa franga, basi pete ikabaki pambo tu, kiisha ikaanza kupotea miguuni.

Kwa hiyo kijana anayetengeneza bangili kwa waya ao plastiki iliyotupwa haigi Wazungu. Anaendelea na kazi ya zamani ya kwetu.

Shida ni moja: vita inahamisha wazee. Bibi anayefia kambini, mbali na pori lake, anaenda na jina la mmea na namna ya kuusuka. Koltani itauzwa bila siye kuulizwa. Lakini bibi tunaweza kumuuliza, leo hii, na kuandika anachosema.