Mkasi wa Leta na Ngoma za Mobutu

Asubuhi ya miaka ya sabini Kisangani, nchini Zaire (Kongo ya leo), kazi ya ofisi ilianzia uani. Makarani walipanga mistari, kina mama wamevaa vitenge vyenye uso wa Rais Mobutu, wakacheza na kuimba sifa za chama cha MPR kabla ya kushika kalamu. Animasyo, ndivyo ilivyoitwa. Ngoma hiyo ililipiwa na Leta, yaani serikali, kwa saa za kazi.

Mobutu alikuwa tajiri, na alipenda sanaa kwa dhati, hilo tusimnyime. Mwaka 1973 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa akadai kazi za sanaa zilizochukuliwa na wakoloni zirudi, na Ubelgiji ikarudisha zaidi ya vipande 100 kati ya 1976 na 1982. Wachoraji, wachongaji na wanamuziki walipata mlango kwake. Ila mfuko wake na wa hazina ulikuwa mmoja. Mwaka 1974 Muhammad Ali na George Foreman waliahidiwa dola milioni 5 kila mmoja wapigane Kinshasa, na mwaka huohuo bei ya shaba, tegemeo la hazina hiyo, ikaanza kuporomoka.

Hapo ndipo hoja ya kubana matumizi ilipopata nguvu, na ilikuwa hoja nzuri. Mwaka 1978 Shirika la Fedha la Kimataifa lilimleta Mjerumani Erwin Blumenthal ndani ya Benki ya Zaire. Alizuia mikopo kwa kampuni za jamaa na marafiki wa rais, akaondoka mwaka uliofuata. Ripoti yake ya 1982 ilisema wazi kwamba wakopeshaji wasitarajie kulipwa: rushwa ilikuwa imeshakuwa mfumo wenyewe wa utawala. Hakuna aliyehitaji shahada ya uchumi kuelewa pa kukata.

Serikali ikakata pengine. Septemba 1983, Kengo wa Dondo akiwa waziri mkuu, sarafu ya zaire ilishushwa thamani kwa zaidi ya robo tatu, na wakopeshaji wakasifu. Maelfu ya walimu wakaondolewa kazini. Huko Gbadolite, nyumbani kwa Mobutu, ikulu ya marumaru na uwanja wa ndege wenye njia ndefu ya kutosha kupokea ndege ya Concorde havikuguswa.

Kisangani ilihisi mkasi huo polepole. Barabara za kwenda mashambani zilirudi msituni. Mjini watu wakazoea toleka, baiskeli yenye mto juu ya tairi la nyuma. Kuanzia mwanzoni mwa miaka ya tisini wazazi wakawa wanamlipa mwalimu wenyewe. Hiyo iliitwa prime, na ilidumu hadi 2019, serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo. Mzazi wa Kisangani akisikia wakubwa wa Kinshasa wakiahidi kupunguza matumizi ya Leta, ana haki ya kuuliza: ya nani?

Na sanaa? Baada ya Mobutu, wacheza ngoma walibaki bila mlipaji. Mcheza dansi Faustin Linyekula, aliyekulia mjini hapa, alianzia Nairobi, ambako mwaka 1997 aliunda kundi la dansi la Gàara pamoja na Opiyo Okach na Afrah Tenambergen. Mwaka 2001 akaanzisha Studios Kabako mjini Kinshasa, na 2006 akaihamishia Kisangani. Hakungoja Leta. Vijana wa hapa walipata mahali pa kujifunza dansi, maigizo na muziki, na kazi zao zikavuka bahari.

Fedha nazo zilivuka bahari, kuja huku. Mwaka 2007 Linyekula alipewa tuzo kuu ya Mfuko wa Prince Claus, uliokuwa ukipokea fedha kutoka wizara ya mambo ya nje ya Uholanzi. Yaani mlipakodi wa Amsterdam alichangia dansi ya Kisangani zaidi kuliko hazina ya Kinshasa. Miaka minne baadaye, serikali ya Uholanzi nayo ilitangaza kukata takriban yuro milioni 200 kwenye bajeti yake ya utamaduni. Wasanii wa huko waliandamana hadi The Hague.