Mtazame Mtoto Uso Pande Zote Mbili

Mama, na wewe nyanya unayelea wajukuu huko Kangema, Kigumo na Maragua, mazungumzo yetu ya leo ni ya historia, lakini yana funzo la kutumia nyumbani.

Mwaka wa 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dakt. Hugh Trowell alimwita daktari wa upasuaji, Denis Burkitt, amwangalie mtoto aliyevimba uso. Burkitt alikuwa na jicho moja tu. La pili alilipoteza utotoni. Lakini alitazama vizuri. Jino bovu kwa kawaida huvimbisha upande mmoja. Mtoto huyu alikuwa amevimba kulia na kushoto, taya la juu na la chini, na meno yake yalikuwa yamelegea.

Muda mfupi baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt alichungulia dirishani akaona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Alipompapasa tumbo, akakuta uvimbe huko pia. Mwaka wa 1958 akaandika habari za ugonjwa huo, ambao ni saratani. Mwaka wa 1961, yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba hupatikana zaidi penye joto na mvua, na ni nadra nyanda za juu zenye baridi. Leo twajua kwamba malaria ya mara kwa mara na kirusi kilichogunduliwa mwaka wa 1964 huchangia.

Mama wa Murang'a, utasema, "Sisi ni watu wa milimani." Kweli, kwetu ni nadra. Lakini watoto husafiri, na macho yaleyale huona pia jino lililooza, usaha na mitoki.

Basi fanya hivi kila mwezi. Nawa mikono. Mkalishe mtoto penye mwanga, akutazame. Linganisha mashavu yote mawili. Papasa taya, nyuma ya masikio na shingo. Inua mdomo wa juu, vuta wa chini, uone ufizi. Mwambie atoe ulimi, kisha auinue. Angalia kaakaa. Gusa kila jino: kwa kawaida meno ya utotoni huanza kulegea karibu na miaka sita. Likilegea mapema bila mtoto kuanguka, uliza kwa nini.

Kidonda au mitoki ikipita wiki mbili, nenda hospitali. Uvimbe wa taya usingoje hata wiki moja, wala usiukande kwa dawa za kienyeji. Saratani hii hukua kwa siku chache, lakini watoto wengi hupona wakianza dawa mapema.

Burkitt alianza kwa kutazama na kupapasa. Wewe pia una macho na mikono, na mtoto yuko nawe kila siku. Kwaheri kwa sasa.