Kutoka Fishi hadi Kompyuta: Majina, Marejeo na Historia ya Kisangani

Mwanafunzi anayetafuta tasnifu zilizoandikwa katika chuo kikuu cha mji wetu hukutana kwanza na majina matatu ya chuo kimoja. Kazi za miaka ya mwanzo zina jina la Université Libre du Congo, chuo kilichofunguliwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1963, wakati mji ungali ukiitwa Stanleyville. Zile za kati ya 1971 na 1981 zimeandikwa Université Nationale du Zaïre, Campus de Kisangani, kwa kuwa serikali ilikuwa imeviunganisha vyuo vikuu vitatu vya nchi kuwa kimoja. Tangu 1981 jalada linasema Université de Kisangani. Mtafiti aliyeko Dar es Salaam au Bruxelles, asiyeijua historia hiyo, atadhani ni vyuo vitatu mbalimbali, na akiisha kuchambua orodha ya kimojawapo ataamini kwamba amemaliza kazi.

Makala haya yanahusu programu za kompyuta zinazotunza marejeo ya utafiti, hususan Zotero, ambayo wanafunzi wengi huipendelea kwa sababu hailipiwi. Hoja yangu ni kwamba programu hizo zimelirithi tatizo la majina kutoka kwa fishi za maktaba, wala hazikulitatua. Historia ya mji kama Kisangani, ambao vyanzo vyake vimeandikwa kwa lugha nyingi na chini ya tawala nyingi, itaendelea kutawanyika ndani ya kompyuta kama ilivyotawanyika ndani ya makabati, iwapo sisi tunaoyajua majina hayo hatutakubaliana namna ya kuyaandika.

Fishi zenyewe zina uhusiano na nchi yetu kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 1895, huko Bruxelles, wanasheria wawili, Paul Otlet na Henri La Fontaine, walianzisha ofisi ya kimataifa ya bibliografia. Nia yao ilikuwa kuandika kila kitabu kilichopata kutolewa duniani katika kadi ndogo ya sentimita 7.5 kwa 12.5, kadi moja kwa kitabu kimoja, ili ziweze kupangwa upya bila kunakili daftari zima. Kadi hizo zilifikia zaidi ya milioni 12. La Fontaine alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1913. Ama Otlet, miaka saba kabla ya ofisi hiyo, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alikuwa ametoa kijitabu kiitwacho L'Afrique aux Noirs, akipendekeza kwamba Wamarekani weusi wapelekwe Kongo ili wawe wajenzi wa ustaarabu huko. Mtu aliyetaka kuipanga elimu yote ya dunia alianza, basi, kwa kupanga watu katika nchi ambayo hakuwa ameiona. Sisemi hivyo kwa kumdhihaki. Kadi zake zimetufaa sana. Lakini ni vizuri kukumbuka kwamba chombo cha kupangia hutengenezwa na mtu mwenye mahali pake pa kutazamia.

Mwaka huohuo wa 1895, Alphonse-Jules Wauters alishirikiana na Ad. Buyl kutoa bibliografia ya Kongo ya miaka 1880 hadi 1895, yenye maandishi 3,800. Hebu tufikirie: miaka kumi tu baada ya Mkutano wa Berlin kumalizika, nchi ilikuwa imekwisha kuandikwa mara elfu kadhaa, karibu yote na wageni.

Otlet na mwenzake walitunga pia mfumo wa namba, wakiuchukua kutoka kwa Mmarekani Melvil Dewey na kuupanua. Katika mfumo huo nchi yetu ni (675). Imekuwa (675) ilipoitwa Kongo ya Kibelgiji, ikabaki (675) ilipoitwa Zaïre kuanzia 1971, na ni (675) hadi leo. Namba hiyo haikung'oa sanamu wala haikubadili ramani. Iliacha kila utawala ujiite upendavyo, nayo ikaendelea kuonyesha mahali palepale. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa maana ndani yake mna somo kwa wenye kompyuta.

Zotero ilitolewa mwaka 2006 na kituo cha historia cha Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani. Jina lake limetokana na neno la Kialbania lenye maana ya kumiliki au kubobea. Haikuwa ya kwanza: BibTeX ilikuwapo tangu 1985, na EndNote ilifuata mwishoni mwa miaka hiyo ya themanini. Muundo wake ni rahisi kueleza kwa mtu aliyezoea fishi. Kila chanzo kina rekodi moja, na rekodi ina visanduku: mwandishi, anwani, mahali, mchapishaji, mwaka, lugha. Mtafiti akiandika makala, programu huchukua yaliyomo katika visanduku na kuyapanga kwa mtindo wa jarida analoliandikia. Akibadili jarida, orodha nzima hubadilika kwa mara moja. Ikiisha kuwekwa katika kompyuta hufanya kazi bila intaneti, na katika mji ambao umeme hukatika mara kwa mara, sifa hiyo inashinda nyingine zote. Hata hivyo, programu haijui chochote zaidi ya kilichomo kisandukuni. Ikipewa jina kombo italinakili kombo, kwa unyofu, mara mia.

Mfano ulio bora kwetu ni kitabu cha Tippu Tip. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, mfanyabiashara wa Zanzibar aliyekuwa na nguvu kubwa katika Lualaba yote, aliwekwa na Mfalme Leopold II kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887. Baada ya kurudi Zanzibar aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode aliyageuza maandishi hayo kuwa ya hati za Kilatini, akayatoa pamoja na tafsiri ya Kijerumani katika jarida la Berlin, 1902 na 1903. W. H. Whiteley aliyatoa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza mwaka 1958 na 1959, kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Mwaka 1974 padri François Bontinck alitoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi sana, huko Bruxelles. Hayo ni matoleo matatu ya andiko moja. Juu ya hayo, Brode aliandika kitabu chake mwenyewe kuhusu Tippu Tip, kilichotoka 1905, mwaka aliofariki Tippu Tip.

Sasa tumpe mwanafunzi kazi ya kuyaingiza hayo yote. Katalogi moja itampa «Brode» kama mwandishi wa toleo la kwanza. Nyingine itampa «Tippo Tip», nyingine «Tippu Tib», nyingine «Murjebi», nyingine «Hamed ben Mohammed», na nyingine «Muhammad, Hamad bin». Programu ina uwezo wa kutambua rekodi pacha kwa kulinganisha anwani, namba za vitabu, miaka na majina ya waandishi. Hapa anwani ni za lugha mbalimbali, miaka imepishana kwa zaidi ya nusu karne, na majina hayafanani. Haitatambua kitu. Mwanafunzi atamaliza akiwa na waandishi sita, na wawili kati ya vitabu vya «Brode» vitakaa pamoja kana kwamba ni vya aina moja, ilhali kimoja ni ushuhuda wa Mswahili juu ya maisha yake na kingine ni maoni ya Mjerumani juu ya Mswahili huyo.

Kosa hilo si la adabu za uandishi tu. Andiko hilo ni miongoni mwa vyanzo vichache vya karne ya 19 kuhusu eneo letu vilivyotungwa kwa Kiswahili. Likiwekwa chini ya jina la mhariri wake, lugha iliyolitunga hutoweka katika orodha, na msomaji huamini kwamba historia ya Maporomoko iliandikwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa pekee. Simtetei Tippu Tip: alikuwa mwenye misafara ya pembe na watumwa, na waliotekwa hawakupata Brode wa kuwanakilia maneno. Lakini mwandishi ni mwandishi. Rekodi yake haina budi kubeba jina lake katika kisanduku cha mwandishi, na majina ya Brode, Whiteley na Bontinck katika visanduku vya mhariri na mfasiri, ambavyo programu inavyo tayari.

Majina ya Wakongo yana ugumu wake. Programu inauliza jina la ukoo na jina la kwanza, desturi ya Ulaya, wakati Mkongo ana jina, jina la pili na jina la ubatizo, wala la pili si la ukoo. Aidha, mwaka 1972 siasa ya uhalisia iliwalazimu raia kuacha majina ya Kikristo. V. Y. Mudimbe, aliyeitwa Valentin-Yves, akawa Vumbi Yoka, na herufi za mwanzo zikabaki zilezile. Kwa bahati hiyo, vitabu vyake vya kabla na baada ya mwaka huo vimekaa rafu moja. Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Kazi zao za 1970 na za 1975 huonekana kama za watu wawili. Waswahili wa pwani wanalijua jambo hili pia: katika orodha za marejeo Shaaban Robert hutajwa mara nyingine kama «Robert, S.», ingawa hakuna msomaji wake amwitaye Robert. Zotero inaruhusu jina zima kuandikwa katika kisanduku kimoja bila kugawanywa. Kwa majina yetu, hiyo ndiyo njia ninayoipendekeza, japo baadhi ya mitindo ya majarida haitaipenda.

Kuhusu mahali na taasisi, somo la (675) linatosha. Kitabu alichokihariri Benoît Verhaegen kuhusu mji wetu, Kisangani 1876-1976, kilitolewa na Presses Universitaires du Zaïre mwaka 1975. Tusilifute neno Zaïre eti kwa sababu nchi ina jina jingine tangu 1997. Jina lililochapwa ni sehemu ya ushahidi. Tuliache kisandukuni, kisha tuongeze lebo moja isiyobadilika, tuseme «Kisangani», juu ya kila rekodi, iwe jalada linasema Stanley Falls, Stanleyville au Kisangani. Vivyo hivyo kwa lugha. Mwongozo wa John Whitehead uliochapwa Wayika mwaka 1928 unaiita lugha yake Kingwana, nao huwapotea wanaotafuta «Kiswahili». Kanuni za kimataifa zina alama swc kwa Kiswahili cha Kongo na swh kwa kile cha pwani. Mwanaisimu anaweza kubishana na mpaka huo, nami ningefanya hivyo mahali pengine, lakini alama hizo zingewakutanisha Whitehead na wasomaji wake.

Yabaki mahojiano. Tangu Jan Vansina alipotoa kitabu chake kuhusu mapokeo simulizi mwaka 1961, hakuna mwanahistoria anayeweza kuyadharau. Programu ina aina ya rekodi kwa ajili yake, na humtanguliza mhojiwa, si mhoji. Wanafunzi wetu wengi huligeuza hilo, wakajiweka wao mbele. Mzee wa Lubunga aliyesimulia vita vya Juni 2000, ambapo majeshi ya Rwanda na Uganda yaliupiga mji kwa siku sita, ndiye chanzo. Iwapo kuna hatari kwake, aandikwe kwa alama badala ya jina, lakini abaki mahali pa kwanza.

Tasnifu nyingi za chuo zilipigwa kwa taipu, nakala chache mno kwa kila kazi. Kuingiza rekodi ya mojawapo, pamoja na majina yote ya chuo na lebo ya mji, ni kazi ya dakika tano. Faili lenye rekodi elfu moja ni dogo kuliko picha moja ya simu, na mtu anayesafiri kwenda Kinshasa au Lubumbashi anaweza kulibeba katika kidani cha kumbukumbu, akamwachia mwenzake huko nakala.