Andrew Kaggia: Mhuishaji aliyewageuza wanasiasa kuwa roboti

ANDREW Kaggia ni mhuishaji na mtunzi wa michezo ya tarakilishi kutoka Kenya, ambaye jina lake lilivuma mwaka wa 2011 kutokana na filamu fupi ya kuchekesha iitwayo Wageuzi: Battle 2012. Filamu hiyo, iliyosambazwa kupitia YouTube, iliwaonyesha wanasiasa wa Kenya wakijigeuza kuwa magari na roboti katika kinyang'anyiro cha kuingia Ikulu. Mwaka wa 2015 alitoa Nairobi X, mchezo wa tarakilishi ambamo jiji kuu la Kenya limevamiwa na viumbe kutoka anga za mbali.

Kazi hizo mbili ndizo zinazomtambulisha zaidi mbele ya umma. Ya kwanza ilikuwa dhihaka iliyotazamwa bure. Ya pili ilikuwa bidhaa iliyokusudiwa kuuzwa. Kutoka kwa ile ya kwanza hadi hii ya pili kuna funzo kwa kila kijana wa Afrika Mashariki anayetaka kuifanya sanaa ya tarakilishi kuwa riziki yake.

Mazingira yaliyomzaa

Kabla ya mwaka wa 2009, Mkenya aliyetaka kutazama video katika intaneti alihitaji subira ya Ayubu. Nchi ilitegemea mawasiliano ya setilaiti, ambayo yalikuwa ghali na ya kujikokota. Hali ilianza kubadilika wakati nyaya za chini ya bahari zilipofikishwa Mombasa. Waya wa SEACOM ulianza kutoa huduma Julai 2009, na ule wa TEAMS, uliovutwa kutoka Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, ukawasili mwaka uo huo. Waya wa tatu, EASSy, ulifuata mwaka wa 2010. Kwa hivyo, video zilizokuja kuwachekesha wakazi wa Nairobi zilipata njia kupitia ufuo wa Pwani.

Matokeo hayakukawia. Mnamo Machi 2010, kikundi cha muziki cha Just A Band kilitoa video ya wimbo wa Ha-He, iliyokuwa na mhusika Makmende, shujaa wa mzaha ambaye Wakenya walimtungia vichekesho visivyo na idadi. Wengi wanaihesabu video hiyo kuwa ya kwanza ya Kenya kuenea mithili ya moto wa nyika katika mtandao.

Upande wa runinga, tashtiti ya kisiasa ilikuwa tayari imepata kikao. Kipindi cha The XYZ Show, kilichoasisiwa na mchoraji vibonzo Godfrey Mwampembwa, maarufu kama Gado, kilianza kuonyeshwa mwaka wa 2009. Kilitumia vikaragosi vilivyofinyangwa kwa sura za viongozi, kwa kufuata mfano wa Spitting Image cha Uingereza na Les Guignols de l'info cha Ufaransa. Mwaka wa 2010, watoto wa Uingereza walianza kutazama Tinga Tinga Tales, mfululizo wa hadithi za wanyama uliohuishwa jijini Nairobi kwa mtindo wa michoro ulioanzishwa na Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Kwa ufupi, hadhira ilikuwepo na ujuzi ulikuwa umeanza kukita mizizi.

Wageuzi na siasa za urithi

Wazo la Wageuzi lilitokana na Transformers, vitu vya kuchezea vya Marekani vilivyoanza kuuzwa mwaka wa 1984 na kugeuzwa kuwa filamu kubwa za sinema kuanzia mwaka wa 2007. Kaggia aliwaondoa wahusika wa Kimarekani na mahali pao akawaweka wanasiasa waliokuwa wakitajwa kuwania urais. Miongoni mwao walikuwa marehemu Raila Odinga, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, na Uhuru Kenyatta, aliyekuwa Naibu Waziri Mkuu.

Jina lenyewe linastahili kuangaliwa. Kisarufi, mgeuzi ni mtu anayegeuza kitu kingine. Hata hivyo, katika lugha ya siasa za Kenya, kugeuka ni kumsaliti mwenzako au kuhama chama usiku wa manane. Mtazamaji aliyemwona kiongozi akibadilika umbo mbele ya macho yake hakuhitaji maelezo. Kinyonga wa methali alikuwa amevishwa chuma na magurudumu.

Filamu hiyo ilitolewa wakati mgumu. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwatimua mamia ya maelfu kutoka makwao. Desemba 2010, Mwendesha Mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai aliwataja Wakenya sita aliotaka wafikishwe The Hague, na mwaka wa 2011 kesi hizo ndizo zilizokuwa gumzo la nchi. Kuonyesha viongozi wakitwangana, hata kwa mzaha, kulikuwa kukanyaga penye makaa.

Tashtiti ya namna hiyo ina mpaka wake. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 inalinda uhuru wa ubunifu wa kisanaa katika Kifungu cha 33, lakini kifungu hicho hicho hakikingi matamshi ya chuki wala uchochezi wa fujo. Ukimdhihaki kiongozi mmoja pekee, wafuasi wake wataona kabila lao limetukanwa. Ukiwaweka wote katika kinyang'anyiro kimoja, dhihaka inaielekea tamaa ya madaraka yenyewe. Mtindo wa mashindano ndio ulioipa Wageuzi nafasi hiyo. Mashabiki wa kambi zinazohasimiana waliweza kuicheka filamu moja.

Historia nayo iliifanyia filamu hiyo mzaha wake. Uchaguzi uliotajwa katika jina lake haukufanyika mwaka wa 2012. Baada ya mvutano mahakamani kuhusu tarehe, Wakenya walipiga kura tarehe 4 Machi 2013, na Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi. Mchekeshaji wa siasa hukabiliwa na tatizo hilo kila mara, kwani mada yake huchakaa haraka kuliko kazi ya mikono yake.

Jasho lililo nyuma ya kicheko

Mtazamaji hucheka kwa dakika chache bila kujua kazi iliyofanyika. Uhuishaji ni sanaa ya kuvipa vibonzo uhai kwa kuonyesha picha nyingi zinazofuatana kwa kasi. Kipimo cha kawaida cha filamu ni picha 24 kwa sekunde. Hivyo, dakika moja tu inahitaji picha 1,440.

Katika uhuishaji wa pande tatu, kama ule wa Wageuzi, msanii huanza kwa kuunda umbo la mhusika ndani ya tarakilishi. Kisha hulivisha rangi na ngozi, hulitia mifupa ya kulichezesha, huweka taa na kamera, na hatimaye huiachia mashine ikokotoe kila picha. Tuseme picha moja inahitaji dakika tano za ukokotoaji. Dakika moja ya filamu itaichukua mashine saa 120, yaani siku tano bila kupumzika. Umeme ukipotea katikati, sehemu ya kazi yaweza kulazimika kurudiwa.

Katika studio kubwa za Marekani, kila hatua kati ya hizo ina idara yake. Kwa msanii anayejitegemea, zote humwangukia yeye. Ndiyo maana Wageuzi iliwashangaza waliozoea kudhani kwamba picha za aina hiyo ni za Hollywood pekee.

Lakini kutazamwa ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine. Video inayosambaa bure humpa mwenyewe jina, na jina huweza kumletea kazi za matangazo au mikataba. Haimhakikishii kodi ya nyumba. Tena, filamu inayotumia umbo la Transformers, chapa yenye wenyewe, si rahisi kuiuza dukani. Aliyetaka kusonga mbele alihitaji kitu alichoweza kukiita chake.

Nairobi X

Kitu hicho kilikuwa Nairobi X, iliyotolewa mwaka wa 2015 chini ya jina la Black Division Games. Mchezaji huchukua nafasi ya Otero, kamanda wa kikosi maalumu anayepigana kuikomboa Nairobi kutoka kwa wavamizi wa angani. Ni mchezo wa kufyatua risasi, aina inayopendwa sana duniani, ila mandhari yake ni ya nyumbani.

Kutoka uhuishaji hadi mchezo si hatua ndogo. Katika filamu, msanii ndiye anayeamua mhusika aende wapi, na mashine inaweza kupewa siku nzima kuchora. Katika mchezo, uamuzi ni wa mchezaji, na mashine haina budi kuchora picha 30 au 60 kwa sekunde papo hapo. Ukuta ambao katika filamu ungeonekana kwa upande mmoja tu sharti sasa usimame vyema kwa kila upande, maana mchezaji aweza kuuzunguka.

Nairobi X ilisifiwa na wengi kuwa mchezo wa kwanza wa pande tatu kutoka Kenya. Sifa hiyo yahitaji kurekebishwa. Mwenzake Wesley Kirinya alikuwa ametangulia katika muongo wa 2000 kwa Adventures of Nyangi, mchezo wa msichana anayetafuta vitu vya kale vya Kiafrika, kisha mwaka wa 2009 akashirikiana na Mghana Eyram Tawia kuanzisha kampuni ya Leti. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 kulikuwa pia na Ma3Racer, mchezo wa simu wa mbio za matatu. Kinachobaki kuwa cha Kaggia ni kwamba aliingia uwanjani akiwa tayari na hadhira aliyoichekesha, jambo ambalo watangulizi wake hawakuwa nalo.

Kipevu na wenzake

Kwa msomaji wa Kipevu, Changamwe au Likoni, habari za Kaggia zaweza kuonekana kuwa za bara. Ukweli ni kwamba mahitaji makubwa ya kazi yake yapo karibu. Nyaya za intaneti zinaingilia Mombasa. Umeme nao unafuliwa Kipevu, ambako mtambo wa dizeli wa Kipevu III, wenye uwezo wa takriban megawati 120, ulikamilika mwaka wa 2011, mwaka ule ule wa Wageuzi.

Vifaa vya kazi pia vimekuwa rahisi kupatikana. Programu ya Blender, inayotumika kuunda na kuhuisha maumbo ya pande tatu, imekuwa huru kwa yeyote tangu Oktoba 2002. Injini ya michezo ya Unreal iliondolewa ada ya kujiunga Machi 2015, na waundaji wake wakawa wanadai sehemu ya mapato tu baada ya mchezo kufanya mauzo. Ghali zaidi sasa ni tarakilishi yenye nguvu, pamoja na miezi ya kujifunza bila ujira.

Hadithi nazo hazijakauka. Nairobi imeshavamiwa katika mchezo wa Kaggia. Hakuna bado mchezo mashuhuri wa kivuko cha Likoni saa ya asubuhi, wa makreni ya Kilindini au wa malori yanayopigania nafasi katika barabara ya Makupa. Mahali ambapo mtu hupita kila siku ndipo anapojua mzaha wake kuliko mgeni yeyote.

Nafasi yake

Andrew Kaggia anakumbukwa kwanza kama mtu aliyewachekesha Wakenya katika kipindi ambacho siasa zao hazikuwa na mengi ya kuchekesha. Wagombea aliowachora wamekwenda njia zao, wengine wakatawala, wengine wakaitwa na Muumba. Tarehe ya uchaguzi iliyobebwa na jina la filamu ilikosewa na kalenda yenyewe. Lakini ujuzi alioutumia kuwaunda ndio uliomvusha hadi kwenye Nairobi X.

Anayetaka kufuata nyayo hizo na atafute kicheko kwanza, kwa kuwa hicho ndicho kinachomleta mtazamaji mlangoni. Kisha, kabla kicheko hakijapoa, awe na kitu cha kwake mwenyewe cha kumuuzia.