Surealisimu Si Mambo ya Ajabu Tu: Kisa cha Martinique, 1941–1945

Mwalimu mwenzangu, bila shaka umewahi kusahihisha insha inayodai kwamba Nagona ya Kezilahabi (1990) ni ya kisurealisti "kwa sababu ina mambo ya ajabu". Mimi nimezisahihisha nyingi. Hoja hiyo haitoshi, kwani hata hekaya zetu zimejaa majini. Afadhali mtahiniwa aulizwe: ndoto hizi zilimsaidia mwandishi kusema nini ambacho asingeweza kukisema waziwazi?

Tuchukue mfano wa Martinique, kisiwa cha Karibi kilichokuwa koloni la Ufaransa. André Breton alitoa ilani ya surealisimu mjini Paris mwaka wa 1924, akitaka sanaa izipokee ndoto na fikra zisizotawaliwa na mantiki. Mnamo 1932, wanafunzi wa Kimartinique waliokuwa Paris waliuchukua mkondo huo wakalikosoa tabaka la kati la kwao katika jarida la Légitime Défense. Lilitoka toleo moja tu.

Aprili 1941, Aimé Césaire, mkewe Suzanne na René Ménil, walimu wa shule ya upili kama wewe na mimi, walianzisha jarida la Tropiques mjini Fort-de-France. Kisiwa kilitawaliwa na Admeri Robert, mtiifu wa serikali ya Vichy, na machapisho yalikaguliwa. (Breton mwenyewe, akiikimbia Ufaransa, alilikuta toleo la kwanza katika duka alimoingia kumtafutia bintiye utepe!)

Makala ya siasa yangezuiwa papo hapo. Lakini mkaguzi atashika nini katika shairi lenye taswira zinazogongana, au katika ngano na maelezo ya mimea ya kisiwani? Ndiyo maana jarida lilidumu kwa miaka miwili chini ya utawala huo. Mei 1943, afisa wa habari aling'amua, akawanyima karatasi kwa madai kuwa jarida lilikuwa la kimapinduzi na la kirangi. Wahariri hawakuomba radhi. Waliyapokea mashtaka hayo kwa fahari.

Robert aliondoka Julai mwaka huohuo. Oktoba, Suzanne akachapisha makala akieleza kwamba surealisimu haikuudhoofisha msimamo wao wa kimapinduzi bali iliuimarisha. Aliandika makala saba katika Tropiques, jarida likafa 1945, naye akafariki 1966. Makala hizo zilikusanywa kitabuni mwaka wa 2009.